Laini ya Mwanza Siku ya Mvua

Mchimbaji mmoja aliniletea lile dude karakanani kwangu Segese likiwa limefungwa kwenye shuka. Alilitua mezani taratibu, akachungulia nje, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ndani yake mna zebaki nyekundu.

Mimi ni fundi. Natengeneza simu, vikuza sauti vya makanisa, na zaidi ya yote detekta, zile mashine ambazo wachimbaji wadogo hupita nazo porini zikiwalilia masikioni pale chini ya udongo penye chuma au dhahabu. Habari za zebaki nyekundu nazisikia tangu nifungue karakana. Huyu anakuja na cherehani ya bibi yake, yule na redio ya mbao, kila mmoja ameambiwa kuna mnunuzi wa kigeni anayeitafuta, na mnunuzi mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Huwa nawaambia ukweli. Wengine hukasirika, wakaenda kwa fundi mwingine.

"Lifungue tulione," nikasema.

Lilikuwa bamba la chuma la rangi ya kijivu, pana kama dawati la mwanafunzi. Mbele zilipangwa valvu sita kwa mstari, zile taa ndogo za kioo zilizotumika kwenye redio kabla ya transista kuja. Moja ilikuwa imevunjika. Nyuma kulikuwa na transfoma zilizozamishwa kwenye lami nyeusi, nyaya zilizofungwa kwa uzi uliopakwa nta, na safu ya vifundo vya kuzungusha vyenye namba. Panya walikuwa wamezaa humo. Mchimbaji alisema alilipata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu waliokuwa wakisafisha ghala moja jirani na reli, Shinyanga mjini.

Niligeuza mfuniko nione kama una mchoro wa nyaya. Mchoro haukuwepo. Palikuwa na maandishi ya penseli, yamefifia lakini yanasomeka. Upande mmoja paliandikwa "Masika" na chini yake namba kadhaa. Upande wa pili "Kiangazi" na namba nyingine. Kila tarakimu ya saba ilikatwa kistari katikati, na herufi K ilikuwa na mguu mrefu unaoshuka chini ya mstari.

Nikavuta kigoda, nikakaa. Mwandiko ule niliujua tangu najifunza kusoma, kwa sababu barua zote nilizopata utotoni ziliandikwa nao. Ulikuwa mwandiko wa baba yangu.

"Umeiona?" mchimbaji akauliza. Alidhani nimeona zebaki.

Nilichukua ile valvu iliyovunjika nikamwonyesha kilichomo: uzi mwembamba, wavu mdogo, kipande cha bati. Basi. Alikigeuza mkononi mara kadhaa, uso umemshuka.

"Sasa kazi yake nini, mama?"

"Mtu anaongea kule mbali, sauti inafika hapa imechoka. Hiki kinaipokea, kinaitia nguvu, kinaipeleka mbele."

"Kama mshenga," akasema.

Nikacheka, nikamwambia ndiyo, kama mshenga. Detekta yake ilikuwa mbovu, waya umekatika ndani ya sahani yake. Nilimtengenezea siku hiyohiyo, naye akaniachia lile bamba akaondoka na shuka lake begani.

Hapa inabidi nieleze kidogo kuhusu baba yangu.

Alikuwa mhudumu wa kituo cha ripita cha Shinyanga. Zamani zile simu kutoka Mwanza kwenda Tabora ilipita kwenye nyaya zilizotundikwa juu ya nguzo kando ya reli, na sauti ilipungua kila ilipopita nguzo moja hadi nyingine. Ingeachwa ijiendee yenyewe, mtu wa Tabora angesikia kitu kama mdudu ndani ya chupa. Kwa hiyo katikati, Shinyanga, palijengwa chumba chenye mashine za valvu, na baba alikaa mle kuzitunza. Watu waliokuwa wakiongea hawakujua kwamba yupo.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitano. Alipelekwa Mwanza kujifungua, uzazi ukawa mgumu, akaenda yeye na mtoto. Mimi nililelewa Ushirombo na mama mdogo, mdogo wake marehemu, katika nyumba ambayo rozari ilisaliwa kila jioni kabla ya chakula. Likizo nilipelekwa Shinyanga kwa baba. Hakuoa tena.

Katika nyumba ya mama mdogo kulikuwa na habari moja juu ya baba. Ilisemwa mara chache, lakini sikumbuki wakati ambapo sikuijua. Siku ya pili baada ya kifo cha mama, tarishi wa posta alimpelekea baba telegramu pale kituoni. Baba aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati, akasema, "Asante." Hakulia. Hakuuliza swali. Tarishi aliwasimulia watu, na maneno yakasafiri mpaka Ushirombo. Kisha mazikoni, wakubwa walipomwambia kwamba mama mdogo anataka kunichukua mimi, baba alijibu papo hapo, "Sawa." Mama mdogo alikuwa amejiandaa kumbembeleza siku nzima, na hata neno moja la kubembeleza halikuhitajika. Hilo pia halikusahaulika.

"Baba yako si mtu mbaya," mama mdogo alikuwa akiniambia wakati ananisuka. "Ila moyo wake sijui aliuweka wapi."

Sikumchukia baba kwa hayo. Nilikuwa namwonea haya tu, kama mgeni wa heshima. Hata nilipokwenda chuo kusomea ufundi, na watu wakasema nimefuata damu yake, tuliongea mambo ya nyaya zaidi ya mambo yetu. Na alipozeeka masikio yakamtupa mkono. La kulia halisikii kabisa. La kushoto linasikia ukiliinamia na kupaza sauti, na mambo mengi huwezi kumwambia mzazi wako kwa kupaza sauti. Miaka ya karibuni mazungumzo yetu yalikuwa ni umekula, mvua zimenyesha huko, haya, usiku mwema.

Nilisafiri na lile bamba kwenye kiroba, kutoka Segese mpaka Kahama, Kahama mpaka Shinyanga, Shinyanga mpaka Mhunze ambako baba anaishi tangu astaafu, kwenye mji wa wazazi wake. Kondakta alitaka kiroba kiende chini kwenye mizigo. Nilikataa, nikakipakata njia nzima mpaka mapaja yakafa ganzi.

"Shikamoo, baba," nilimpigia kelele sikioni.

"Marahaba, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote.

Niliweka bamba juu ya meza barazani, nikalifunua. Alipitisha vidole kwenye vifundo kimoja baada ya kingine, kutoka kushoto kwenda kulia, kabla hata hajayatazama maandishi yake mwenyewe.

"Hii ilikuwa ya tatu kutoka chini," alisema mwishowe. "Laini ya Mwanza."

Nilikuwa nimepanga kulala siku mbili. Nilikaa tisa.

Kapasita za karatasi, vile vidude vya kuhifadhi chaji, zilikuwa zimekauka, nikazing'oa zote, nikaweka mpya. Uzi unaowaka ndani ya valvu tuliupa umeme wa betri mbili za sola. Volti mia moja na thelathini za kuendeshea valvu zenyewe nilizipata kwenye transfoma ya kikuza sauti cha kanisa kilichokufa. Baba alikaa pembeni na kofia yake ya sufu, akisimamia. Kila nilipoingiza mkono wa pili ndani ya mashine alinipiga kofi dogo la bega.

"Mkono mmoja mfukoni! Umeme ukipita mkono huu ukatokea mkono ule, umepita kwenye moyo."

Mimi fundi wa miaka mingi, nikaweka mkono mfukoni kama mwanafunzi.

Binti wa marehemu kaka yake, anayeishi naye hapo nyumbani, alikuwa akituletea chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, akisimama kututazama na kutikisa kichwa. Kwake yeye tulikuwa watu wawili wazima tunaochezea chuma kibovu wakati mahindi yanasubiri kupukuchuliwa.

Katika valvu tano, tatu zilikuwa hai. Ripita moja inahitaji mbili tu. Tulipoziwasha, rangi ya machungwa iliyofifia ilianza kuonekana ndani ya kioo, na baba akasogeza kiganja karibu, akakiacha hapo.

Wakati wa kazi alinieleza mambo ambayo chuoni nilikuwa nimeyasoma nusu nusu. Valvu inapitisha sauti upande mmoja tu. Lakini simu ina watu wawili, kila mmoja anataka kusema na kusikia, na nyaya ni zilezile mbili. Kwa hiyo unaweka valvu moja ya sauti inayokwenda na moja ya sauti inayorudi. Tatizo ni kwamba sauti iliyotiwa nguvu na valvu ya kwanza inaweza kupenya ikaingia kwenye ya pili, ikatiwa nguvu tena, ikarudi kwenye ya kwanza, ikazunguka hivyo bila kikomo.

"Ikizunguka inakuwa mluzi," alisema. "Mluzi unakula maneno yote."

Ili kuzuia hilo kulikuwa na laini ya bandia, rezista na kapasita ndani ya kasha zikijifanya kuwa zile nyaya ndefu za kwenda Mwanza. Transfoma inalinganisha laini ya kweli na ya bandia. Zikifanana, sauti haipenyi. Lakini laini ya kweli iko nje, juu ya nguzo, inanyeshewa. Vile vikombe vya kauri vinavyoshika nyaya vikilowa, umeme unavuja kidogo kila nguzo, na laini inakuwa nyingine. Ndipo mhudumu anapozungusha vifundo ili ile ya bandia nayo iwe kama iliyolowa.

"Mvua ikianza Malampaka, mimi nilijua kabla ya wao kujua," akasema, akijisifu kidogo.

Siku ya saba tulijaribu. Nilikuwa na simu mbili za mezani za zamani. Moja niliiweka chumbani kwa yule binti, nyingine barazani, na katikati, kabla ya ripita na baada yake, nilifunga rezista za kupunguza nguvu, kana kwamba kuna safari ndefu ya nguzo. Nilipowasha, mkono wa simu ulitoa mluzi mkali mpaka nikausogeza mbali na sikio.

"Inapiga?" baba akauliza. Yeye hakuusikia.

"Inapiga, baba!"

Alishika vifundo, akanitazama usoni, akaanza kuzungusha kuelekea zile namba za kiangazi. Mluzi ulishuka, ukawa mwembamba, ukakatika. Kisha nikasikia sauti ya yule binti, ya karibu na safi kama amekaa begani kwangu, akihesabu maharage kama nilivyomwagiza: kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, halafu akaangua kicheko.

Nilimwinulia baba kidole gumba.

"Sasa ilowanishe," akasema.

Nilielewa. Nilifunga rezista nyingine ya kuvujisha kati ya nyaya mbili, kama mvua inavyofanya. Mluzi ukarudi. Akazungusha tena, macho yake usoni kwangu yakifanya kazi ya masikio, na nilipoinua kidole gumba aliacha kuzungusha. Hakuondoa mkono. Alitazama namba zilizokuwa chini ya vidole vyake.

"Siku ile zilikuwa hizihizi."

"Siku gani, baba?"

"Siku ya mama yako."

Nilizima umeme. Nikasogeza kigoda upande wa kushoto kwake, karibu na sikio, lakini sikuwa na haja ya kusema chochote. Alisema yeye.

Ilikuwa alasiri, mvua kubwa. Laini ya Mwanza ilianza kupiga mluzi, naye akavaa hedifoni ili aisikilize na kuiweka sawa. Sheria yao ilikuwa kusikiliza laini, si maneno, na maneno yoyote yatakayoingia masikioni yasitoke mlangoni. Walikula kiapo siku ya kuajiriwa. Alisema baada ya miaka kadhaa hata hakuhitaji kujizuia. Sauti za watu zilimpita kama kelele za mnadani, unasikia watu wengi na husikii mtu.

"Ila sauti unayoijua haipiti hivyo," akasema.

Ilikuwa sauti ya mama mdogo. Alikuwa hospitali kule Mwanza, anampigia kaka yao mkubwa aliyekuwa karani wa ofisi Tabora. Alisema, "Kaka, dada ametuacha. Na mtoto naye."

Baba aliuangalia mkono wake juu ya kifundo.

"Ukafanya nini?" nikamuuliza sikioni.

"Mluzi ulianza. Nikazungusha."

"Baba."

"Ungekatika, mayu. Mvua ilikuwa inabadilika kila dakika na laini inabadilika nayo. Ningeondoa mkono, shemeji yangu angebaki anaongea na mluzi. Alikuwa peke yake kule, msichana mdogo, hajawahi kuona maiti. Nikasema, amalize kwanza. Aongee na kaka yake mpaka amalize."

Operata aliwaongezea muda mara mbili. Baba alikuwa na chombo cha kusemea hapo mkononi, kile walichotumia kuwasiliana na mafundi wenzao wa Mwanza na Tabora. Angebonyeza kitufe angeweza kuingia kati na kusema, shemeji, mimi niko hapa. Nilimuuliza kama alikifikiria.

"Nilikishika. Nikakirudisha. Alikuwa analia kwa kaka yake. Hakuwa analia kwangu."

Alimsikia pia akisema, "Mtoto wa dada nitamchukua mimi, nitamlea kama wangu." Kwa hiyo walipomuuliza mazikoni hakuwa na la kufikiri. Alikuwa ameshafikiri siku tatu nzima.

Simu ilipokwisha alikwenda kwa msimamizi wake kuomba ruhusa ya kuondoka. Akaulizwa sababu, akakosa ya kusema, akaambiwa asubiri mwenzake arudi asubuhi. Akaingia kwenye chumba cha betri. Mle hewa ya asidi inauma macho, na mtu akitoka macho yamemwiva hakuna anayemuuliza. Alikaa humo mpaka alipoweza kutoka. Asubuhi tarishi akaja na telegramu.

"Watu walisema hukulia," nikamwambia. Ilibidi nipige kelele kulisema neno hilo, na nilisikia aibu.

"Nilikuwa nimemaliza," akasema. "Nilimwambia asante kwa sababu sasa niliruhusiwa kujua."

Yule binti alikuja barazani kuuliza kama aendelee kuhesabu, akatuona, akarudi ndani.

"Kwa nini hukutuambia miaka yote hii? Kazi uliiacha. Hata hicho kituo kimebomolewa."

"Shemeji bado yupo. Maneno yalikuwa yake."

Nilimwomba ruhusa nimwambie. Hakujibu siku hiyo. Siku ya kuondoka kwangu, nikiwa nimeshapanda pikipiki kwenda stendi, alinishika mkono, akasema, "Mwambie. Akikasirika, mwambie naomba radhi."

Mama mdogo sasa ana miaka sabini na ushee. Nilimkuta Ushirombo nyuma ya nyumba, ameketi kwenye mkeka, anapepeta mpunga. Nilisubiri amalize ungo aliokuwa nao. Kisha nikamweleza yote, kuanzia bamba la mchimbaji mpaka chumba cha betri, bila kupamba.

Alianza kwa kukasirika.

"Alinisikiliza?"

"Ndiyo, mama."

"Nililia kwenye simu ile kama mtoto mchanga. Nilisema mambo ambayo sikumwambia hata padri. Na yeye alikuwa amekaa anasikiliza?"

Nilimfikishia ile radhi. Hakuipokea wala kuikataa. Aliinuka, akaenda kuwafukuza kuku ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote, akaingia jikoni, akakaa huko. Nilijilaumu. Nilidhani nimeharibu kitu kilichokuwa kimetulia vizuri kwa karibu miaka hamsini.

Alipotoka alikuwa na vikombe viwili vya uji. Alinipa kimoja, akakaa.

"Ule mluzi," akasema.

"Unaukumbuka?"

"Nitausahauje? Ulikuwa unaanza kwa mbali, unapanda, unapanda, naona sasa simu inakufa. Halafu unanyamaza. Nasema maneno mawili, unaanza tena. Unanyamaza. Operata aliniambia, dada, fanya haraka, mvua itakata laini. Haikukata. Siku tatu zilizofuata Tabora haikupatikana kabisa, lakini ile simu yangu haikukata." Alikunywa uji. "Nilimshukuru Mungu kwa zile dakika. Niliomba misa ya shukrani. Watu walishangaa, msiba na misa ya shukrani wapi na wapi."

"Hukukosea kumshukuru Mungu," nikasema.

"Sikukosea. Lakini kulikuwa na mtu amesimama hapo katikati."

Baadaye akasema, "Nimesema mengi juu yake."

"Hakuyasikia, mama."

"Wewe uliyasikia."

Ilikuwa kweli.

Alikuja Mhunze baada ya mavuno ya mpunga, akiwa na debe la mchele na kuku wawili waliofungwa miguu. Mimi nilimfuata Kahama tukasafiri pamoja. Njiani alizungumzia mabasi, bei ya mbolea, magoti yake, kila kitu isipokuwa safari yenyewe. Tulipofika alimwamkia baba, baba akaitikia, wakatazamana. Walikuwa hawajaonana tangu harusi yangu. Kisha akavuta kigoda mpaka upande wa kushoto wa baba, akainama sikioni.

"Shemeji," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani, "ungenikoholea tu!"

Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka namna ile kwa siku nyingi, kicheko cha tumbo, kofia ikamwanguka.

"Ningekohoa ungekata simu!"

"Ningekata, kweli. Ningedhani ni jini."

Baada ya chakula mama mdogo alitaka kuiona mashine. Niliiwasha, nikampa mkono wa simu. Baba aligeuza kifundo makusudi, mluzi ukapanda, na nikamwona mama mdogo akifumba macho. "Ndio huo," akasema. Kisha, "Inatosha." Baba akauzima, safari hii kwa kumtazama yeye usoni.

Jambo lililofuata sikulipanga, na kama fundi ningepaswa kuwa nimelifikiria mapema. Baba aliuchukua mkono wa simu ili aurudishe mahali pake, akauweka kwenye sikio la kushoto kwa mazoea tu. Wakati huohuo yule binti alikuwa chumbani anafuta vumbi kwenye simu ya pili, akiimba kidogo peke yake. Baba alishtuka.

"Nani anaimba?"

Tulimtazama.

"Kuna mtu anaimba," akasema. "Namsikia."

Valvu zile zilikuwa zimetengenezwa kuinua sauti iliyochoka kwa maili nyingi za waya. Sikio lake lilikuwa mwisho wa waya mwingine mrefu. Nilizungusha kifundo cha nguvu kidogo zaidi, nikamwambia mama mdogo aende chumbani, ashike ile simu, aongee kwa sauti yake ya kawaida, asipige kelele.

Nilibaki barazani na baba. Niliona uso wake ulivyobadilika mama mdogo alipoanza kusema.

"Nakusikia, shemeji," alisema, na yeye kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Nakusikia vizuri. Endelea."

Nilimwita yule binti tukaenda kisimani, ingawa maji yalikuwepo ndani. Tulikaa huko mpaka ndoo zote zikajaa na watu wengine waliotukuta wakajaza zao wakaondoka. Tuliporudi bado walikuwa wanaongea, yeye chumbani, baba barazani, ukuta mmoja kati yao. Baba alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kofia. Waliyosemezana siyajui.

Mama mdogo alikaa wiki mbili badala ya siku nne. Kila siku baada ya chai waliongea kwa mashine, kisha akakaa naye barazani wakipukuchua mahindi bila kusema neno.

Valvu moja ilikufa mwezi uliofuata, uzi wake umekatika, na nyingine ikaanza kuchoka. Nilitafuta Mwanza, nikauliza mafundi wazee wa Shinyanga, sikupata. Nikamtengenezea baba kikuza sauti kidogo cha transista, kinachoingia mfukoni mwa shati, na sikio lake la kushoto sasa linasikia hata kuku wakichakura. Bamba lile tulilipeleka shule ya sekondari ya jirani. Mwalimu wa fizikia alimwomba baba aje awaeleze wanafunzi, akaenda mara mbili na shati lililopigwa pasi.

Mimi na yeye sasa tunaongea. Juzi alinisimulia jinsi alivyokutana na mama, kwenye mnada wa ng'ombe, habari ambayo nilikuwa sijaisikia kwa mtu yeyote. Kile kikuza sauti kipya anakilalamikia kila nikipiga simu. Anasema sauti yake ni nyembamba, haina joto. Lakini yule binti ananiambia hakivui mpaka anapolala.